Nilianza kwa Kuifuata Hewa

Kwa miaka mingi injini kwangu ilikuwa chuma kinachonguruma tu. Nilikuwa nauza chai na chapati ubavuni mwa gereji moja pale Ilala, nikiwasikia mafundi wakitajiana koili, plagi, ringi, konrodi, bila kujua kipi kinakaa wapi. Leo nashika spana kwenye gereji hiyo hiyo. Nimeona nieleze kilichonibadilisha, kwa sababu kila wiki nakutana na mabinti wanaotamani kazi hii na wameshaambiwa si yao.

Fundi wetu mkuu, mzee ambaye sote tunamwita Baba, hakunianzishia na majina ya vifaa. "Mwanangu, ifuate hewa," aliniambia. "Inaingilia wapi, inafanywa nini, inatokea wapi. Majina utayajua njiani."

Gari tuliloanza nalo lilikuwa Toyota IST, injini ya 1NZ, ambayo Dar es Salaam hutaitafuta ukaikosa. Tukaifuata hewa kutoka kwenye boksi la ea klina, ikapita kwenye throtoli, ikaingia kwenye manifoldi ya kuvutia, hadi kwenye valvu, mahali ambapo nozeli hunyunyiza petroli. Kisha tukafungua plagi zote nne na kava la valvu, akaniambia niizungushe krenki kwa mkono, taratibu, kwa kutumia bolti ya puli. Nikaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza. Pistoni ilipopanda huku valvu zote zimefunga, hewa ilikisukuma kidole mpaka kikaachia kwa mlio. Juu yake kamshafti ilikuwa inageuka, ikikandamiza valvu moja baada ya nyingine. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Kuvuta, kubana, kulipua, kutoa. Siku hiyo maneno yote niliyokuwa nayasikia nikimimina chai yalipata mahali pa kukaa. Nililia, na sioni haya kulisema.

Lakini upande ulioniteka zaidi ni wa ekzosi. Wanafunzi wengi wanaudharau, wanadhani ni bomba la kupunguza kelele basi. Asubuhi moja lililetwa gari linalogonga ta-ta-ta injini ikiwa baridi. Likipata moto mlio unafifia. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba injini lazima ifunguliwe. Nikachuchumaa na tochi, nikamulika pale manifoldi ya ekzosi inapobana kwenye silinda hedi, nikaona mstari mweusi wa masizi, mwembamba kama uzi, umechomoza chini ya gasketi. Chuma kikiwa baridi upenyo unabaki wazi, kikipata moto kinatanuka na kuubana. Tukabadilisha gasketi ile, mlio ukaisha.

Moshi nao nikajifunza kuusoma. Wa bluu, oili inaungua, basi tazama ringi na sili za valvu. Mweusi, petroli imezidi. Mweupe usioisha huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Ule mvuke mweupe wa asubuhi unaokata baada ya muda mfupi usikutie hofu.

Sasa niseme kuhusu masega, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Ndani ya kopo lile lililo kati ya manifoldi na sailensa mna vitundu vingi vilivyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita humo, kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu na inayoua, inageuzwa kuwa kaboni dioksidi. Kwa sababu ya madini hayo masega yana soko, na wapo wanaomshawishi mwenye gari ayakate aweke bomba tupu ili gari liwe jepesi. Napinga jambo hili kwa moyo wangu wote. Ni kweli masega yakiziba gari linakosa nguvu, lakini mara nyingi yameharibiwa na injini inayokula oili au plagi isiyochoma vizuri. Ukiyakata na chanzo ukakiacha, sumu yote unampelekea mama aliyekaa na meza yake kando ya barabara. Mimi nimekaa pale. Najua moshi ule unavyokaba kifua kufikia jioni.

Binti au kijana unayetaka kuanza, VETA wana kozi ya ufundi magari, na gereji za mtaani bado zinapokea wanafunzi. Popote utakapokwenda, kabla hujapewa kazi ya kufungua na kufunga, mwombe fundi wako akuachie injini moja iliyozimwa, plagi zikiwa nje, uizungushe krenki kwa mkono wako mwenyewe. Akikataa, mwombe tena kesho.