Jicho Lisilouma

Baba yangu mkubwa, mkulima wa hapa Rumangabo, alianza kuwagonga watu waliopita kando yake. Nikadhani ni uzee tu. Alipopimwa presha ya macho ilikuwa 16. Ya kawaida ni 10 hadi 21. Tukashukuru, tukakaa mwaka mzima.

Baadaye mganga wa macho huko Goma alimtia dawa ya kupanua mboni, akautazama mshipa wa fahamu nyuma ya jicho: umekwisha kuliwa. Kumbe glakoma huweza kuja hata presha ikiwa ya kawaida, nayo huanza kula pembeni, bila maumivu.

Sasa hutiwa matone kila jioni, presha ishuke zaidi. Nuru iliyopotea hairudi, iliyobaki hulindwa. Ugonjwa huu hufuata ukoo, basi nami nimekwenda kupimwa. Ninyi msingoje maumivu.