Barua Iliyotukosesha Pampu

Wengi wetu tulijifunza Kiingereza darasani, kisha tukakiacha humo siku ya mtihani wa mwisho. Mimi nilitambua upungufu wangu siku Kiingereza changu kilipowatia wenzangu hasara.

Ilikuwa kabla ya simu za mkononi, nami nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa karibu na Ruiru. Mwezi wa Novemba, mavuno yalipopamba moto, pampu yetu ya kuvuta maji mtoni iliharibika. Kila mkulima ajua kwamba buni iliyochumwa leo sharti itolewe maganda leo, na mashine ya kazi hiyo haiendi bila maji. Mwenyekiti akaniambia, "Karani, mwandikie meneja wa lile shamba kubwa la Thika. Mwombe atuazime pampu kwa siku mbili. Kiswahili hakijui vema, basi andika Kiingereza."

Nilifurahi kupata nafasi ya kuonyesha elimu yangu. Nikafungua kamusi, nikachagua maneno marefu. Mistari sita ya kwanza ilikuwa heshima tupu. Mwishoni nikaandika, "We wish to lend you a pump." Tarishi akaondoka asubuhi kwa baiskeli, na jioni akarudi na jibu la adabu: meneja atushukuru kwa ukarimu wetu, lakini pampu anazo za kutosha.

Usiku ule buni ililala magunini. Kesho yake ilinuka uchachu, na malipo ya wakulima yakapungua. Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja mjane aliniuliza tu, "Mwanangu, ile barua ilifika?" Swali hilo liliniuma kuliko tusi.

Nikaichukua nakala ya barua, nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu. Alinieleza kwamba katika Kiswahili neno "kuazima" humfaa atoaye na apokeaye pia, lakini kwa Kiingereza atoaye ana neno lake, "lend", na apokeaye lake, "borrow". Kadhalika "kukataa": mtu akikataa kazi ni "refuse", akikataa kwamba ameiba ni "deny". Tena "yeye" wetu ni wa mume na mke, hali Kiingereza hutenga "he" na "she". Ukiyachanganya, msomaji hatajua ni nani aliyelipwa.

"Lakini," akasema, "kosa lako kubwa si neno hilo. Kama ungalianza kwa kusema kwamba pampu yenu imeharibika, meneja angalielewa hata ukikosea neno. Umeificha haja yako chini ya mapambo."

Akaniambia pia kwamba ugonjwa huo si wetu peke yetu. Mwaka 1948 kilitolewa Uingereza kitabu kidogo kiitwacho Plain Words, alichokiandika Sir Ernest Gowers kwa ombi la wizara ya fedha ya huko, ili maofisa wa serikali wajifunze kuandika kwa maneno mepesi. Ikiwa wenye lugha walihitaji kufundishwa hivyo, sisi tuone haya ya nini?

Tangu siku hiyo nina desturi tatu. Kwanza, haja yangu huiweka katika mstari wa kwanza. Pili, huipogoa barua kama mkahawa: tawi lisilozaa nalikata, hata likiwa zuri. Tatu, humpa mwenzangu aisome, kisha anieleze kwa Kiswahili alichoelewa. Akieleza jambo jingine, simlaumu, naandika upya.

Nina na daftari la maneno ambayo kwetu ni moja na kwa Waingereza ni mawili. Limejaa sasa, na wajukuu hulitumia. Neno la kwanza ndani yake ni "borrow", na kando yake nimeandika tarehe ya siku ile buni ilipochacha.