Disiki ya sekretariati

Jumamosi, 12 Agosti 2023, Lac Vert

Kompyuta ya sekretariati ya shule imeanza kugonga. Tak, tak, kimya, kisha kioo kinaganda. Ni kichwa cha kusomea ndani ya disiki: kinatafuta mahali pake juu ya sahani, kinapakosa, kinarudi pembeni na kujaribu upya. Nimeizima papo hapo. Haitawashwa tena kwa kazi ya kawaida, hata Prefe, mkuu wetu wa shule, akiomba barua moja tu.

Ndani yake mna pointi za wanafunzi tangu 2014. Zinazoniuma zaidi ni za watoto waliotoka Rutshuru na Masisi, wanaolala kambini Bulengo na hapa jirani. Wengi walifika bila buletini, bila karatasi yoyote. Tuliwapima, tukawapangia madarasa, na pointi walizopata kwetu ndizo zinazothibitisha kwamba wamesoma. Masomo yanaanza tarehe 4 Septemba.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya misa mdogo wangu kauliza kama ni vumbi jeusi la lava lililoiua. Sidhani. Tundu la hewa la disiki lina chujio, na urefu wetu wa mita kama 1,500 juu ya bahari si tatizo: kichwa huelea juu ya tabaka jembamba mno la hewa, lakini disiki za kawaida huruhusiwa mpaka karibu mita 3,000. Hii imezeeka tu. Imetikisika pia juu ya pikipiki kwenye hii njia ya mawe, na Mei 2021, sehemu ya mji ilipoambiwa ihame baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, ilienda Sake mgongoni mwangu ikiwa imefungwa kwa kitenge.

Nitaweka SSD badala yake: haina sahani wala kichwa. Mtikisiko haiujali.

Jumatatu, 14 Agosti

Birere, sokoni. Muuzaji alinionyesha ya GB 480. "Mama, chukua hii, bei yake nzuri, watu wote wanachukua." Nimekataa. Disiki yetu ni ya GB 500, na ukinakili sekta kwa sekta, kinachopokea hakiwezi kuwa kidogo kuliko kinachotoa. Ningelazimika kwanza kuibana patisheni, yaani kuiamuru disiki mgonjwa ihamishe mafaili yake yenyewe na kuandika upya. Kwa disiki nzima ningefanya hivyo bila wasiwasi. Kwa hii, hapana. Nimechukua ya GB 512, pamoja na adapta ya kuiunganisha kwa USB.

Usiku nimeijaza SSD mpaka pomoni kwa mafaili ya majaribio, nikayasoma yote tena. Zimo sokoni zinazotangaza GB 512 na ndani hazina hata robo yake. Hii ni ya kweli.

Jumatano, 16 Agosti

Leo ndiyo kazi yenyewe. Nimewasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, ili mfumo wa zamani usiamke na kuanza kuandika chochote. Programu ni ddrescue. Programu ya kawaida ya kunakili ikifika penye kidonda hung'ang'ania pale pale, na disiki inaweza kufa kabla sehemu nzima hazijasomwa. Hii hufanya kama muuguzi mwenye akili: inachukua kwanza kinachosomeka kirahisi, inaruka pabaya, kisha inarudi kwenye vidonda mwishoni, polepole.

Kabla ya kubonyeza, nilimwita mdogo wangu asome kwa sauti namba iliyobandikwa kwenye disiki ya zamani, herufi kwa herufi, nami nikiifuata kwenye kioo. Ukigeuza chanzo na kipokezi, yaliyomo kwenye SSD yanaandikwa juu ya miaka tisa ya pointi. Akamaliza, nikamwambia, "Rudia." Akarudia bila kununa.

Faili ya ramani, ile inayoandika kila sehemu iliyosomwa na iliyorukwa, nimeiweka kwenye flashi ya pili. Betri ya kompyuta haina nguvu tena, na kwa mlango huu wa zamani wa USB GB 500 huchukua karibu saa tano hata disiki ikiwa nzima. Umeme ulikatika jioni. Uliporudi nimetoa amri ile ile, programu ikasoma ramani na kuendelea palepale ilipoachia. Hapo nilishukuru kwa sauti.

Ijumaa, 18 Agosti

Imekwisha. Karibu yote imesomeka. Zimebaki sehemu chache zilizogoma katika kila jaribio. Disiki ya zamani imetolewa kabla ya lingine lolote. Matengenezo yoyote yatafanyika juu ya nakala.

Ili kujua ni mafaili gani yameguswa, nimeyajaza mashimo hayo kwenye SSD kwa neno moja ambalo halimo popote katika kazi zetu, kisha nikalitafuta neno hilo katika mafaili yote. Limejitokeza kwenye picha za sherehe, ambazo sizihangaikii, na kwenye jedwali la mwaka wa 8, 2022–2023. Ndilo lenye watoto wengi wa Bulengo.

Jumamosi, 19 Agosti

SSD imefungwa ndani kwa skrubu zake. Kompyuta inawaka kabla sijavuta kiti vizuri. Prefe amefurahia mwendo huo. Mimi akili yangu iko kwenye jedwali.

Jumatatu, 21 Agosti

Mwalimu wa darasa ameleta kaye lake la pointi, limelowa pembeni lakini linasomeka. Tumeketi tangu asubuhi, yeye anataja, mimi naandika. Palipofutika, tumeamua kuwaita wazazi walete buletini tulizowapa Julai, kabla mvua ya Septemba haijaingia mahemani. Majina yanayosubiri nimeyabandika mlangoni. Nakala ya pili itakaa kwa Prefe, Himbi, mbali na hapa. Disiki ya zamani nimeiandikia tarehe na kuifungia kabatini. Haitafutwa mpaka mtoto wa mwisho kwenye ile orodha apate pointi zake.