Springi na magurudumu ya trela langu

Leo naweka programu kando kidogo. Naunda trela la kupigia kambi hapa Kalobeyei.

La kwanza nililifungia magurudumu madogo, likazama kwenye mchanga wa laga huku wingu likitanda upande wa juu. Anayeijua Turkana anaelewa: laga kavu hujaa maji ghafla, hata kama ulipo hakujanyesha. Tuliponea chupuchupu.

Safari hii nimetumia magurudumu sawa na ya Hilux inayolivuta: nati sita, kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7. Gurudumu moja la akiba linafaa kote. Upana nao ni ule ule, ili trela lipite palepale gari liliposhindilia mchanga.

Na springi? Nilitamani za mifuko ya hewa. Fundi akaniuliza, "Mfuko ukipasuka porini, utaushona na nini, mkubwa?" Basi nikachukua za mabamba, nikapunguza mabamba mawili, maana springi ngumu hurusha trela jepesi. Bamba likivunjika, la pikapu yoyote kuukuu litachongwa lienee.

Ni kama programu tu: chagua unachoweza kukitengeneza ukiwa mbali na msaada. Haya, tukutane tena!