Bata wa Mama

Nilipokuwa kijana pale Kidodi, nilijaa maneno ya vitabuni. Nilikuwa nimesoma habari za Jokichi Takamine, Mjapani aliyeishi Marekani, ambaye mwaka 1894 alipata hataza ya kutengeneza vimeng'enya kwa kuotesha kuvu juu ya pumba za ngano. Pumba, jamani! Na sisi pumba za mahindi zilirundikana mashineni, huku makapi ya miwa yakichomwa kiwandani.

Mama alinisikiliza akiwa jikoni. Akatia kimea cha ulezi katika uji mzito wa vuguvugu, akakoroga, na baada ya muda uji ukawa mwepesi na mtamu. "Dawa yako ya Mjapani si ndiyo hii?" akauliza. Alikuwa amesema kweli. Kimea kina vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Kuvu nao huvitoa ili kumeng'enya chakula wanachoota juu yake, na mjuzi huviosha kwa maji na kuvichuja.

Mimi sikungoja kuwa mjuzi. Nikalowanisha pumba, nikazifunika gunia. Zilipoota ukungu wa kijani, nikawapa vifaranga wa bata wa Mama, nikiamini chakula kilichokwisha kuvunjwa kingewanenepesha.

"Mwanangu, hicho kimeoza," alisema. Nikacheka.

Wakafa kumi na mmoja. Bata wale ndio waliokuwa ada ya dada yangu. Muhula ule alikaa nyumbani.

Baadaye nilijifunza kwamba kuvu wa Takamine, Aspergillus oryzae, ana ndugu wa karibu sana, Aspergillus flavus, atoaye sumukuvu. Sumu hiyo iliua bata mzinga zaidi ya 100,000 Uingereza mwaka 1960, kwa mashudu ya karanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa mahindi. Takamine alichagua mbegu yake ya kuvu na kuilinda isichanganyike. Mimi nilipokea yeyote aliyeletwa na upepo.

Ndugu msomaji, bado naamini pumba zetu ni mali. Lakini siku hizi namkumbuka Mama akianika kimea chake: alikichambua, akakinusa, na penye ukungu akatupa bila huruma. Nilidhani mwenye elimu katika nyumba ile nilikuwa mimi.

Dada yangu hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.