Kompyuta Mpya, Daftari la Zamani

Msimu uliopita chama kimoja cha msingi kilinunua kompyuta mpya yenye Windows 11. Programu yao ya zamani, FoxPro ya DOS, iliyotunza uzito wa pamba na madeni ya pembejeo ya kila mwanachama, ikagoma kufunguka. Karani akataka kuifuta. Nikamzuia! Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS, lakini kumbukumbu zenyewe zimo kwenye mafaili ya DBF, na hata LibreOffice huyasoma. Tulinakili folda nzima kwenye flashi mbili kwanza, kisha tukaifungua programu ndani ya DOSBox, ambayo ni ya bure. Madeni yote yakaonekana, na baadhi ya watu hawakufurahi.

Kompyuta ya zamani msiiuze kabla ya kunakili. Mimi niliuza yangu, na orodha ya chanjo ya kuku wa vijiji viwili ikaenda nayo.