Mia ya Utingo

Mjukuu alidhani bibi yake anamtania. "Mia kwa siku?" Kwa mwezi, akajibiwa, na hakimu asingeweza kuongeza hata senti moja juu yake. Msichana akacheka hadi mtoto aliyembeba mgongoni akaamka. Kwake mia ni sarafu yenye swala, ambayo dereva wa bajaji wa Mahongole hawezi hata kuigeukia.

Bibi hakuwa amekosea. Sheria ya mwaka 1949 kuhusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Mama alitakiwa kufungua shauri kabla mtoto hajatimiza mwaka, la sivyo aonyeshe kuwa baba aliwahi kutoa fedha ndani ya mwaka huo. Neno lake peke yake halikutosha. Lilihitaji ushahidi wa kuliunga mkono. Ajabu ni kwamba Sheria za Mila zilizotangazwa mwaka 1963 nazo zilitaja mia hiyohiyo: ndiyo aliyolipa mwanamume kwa baba wa binti ili kumhalalisha mtoto. Kana kwamba mkoloni na wazee wa mila walichungulia mfuko mmoja.

Kuhusu baba wa mtoto wake mwenyewe, bibi hana mengi. Alikuwa utingo wa malori ya Zambia, reli ya TAZARA ikiwa bado inanukia rangi. Mtoto alizaliwa 1976, anasema. Cheti cha ubatizo kinasema 1977. Basi, na iwe hivyo.

Mtu ambaye bibi anamkumbuka vizuri ni mwenye duka. Duka lake lilikuwa kando ya barabara kuu pale Makambako, likinuka mafuta ya taa, sabuni ya mche na makoti ya watu waliotoka kwenye ukungu wa Juni. Wateja waliingia na salamu zao za "kamwene", wakakaa kwenye magunia hata kama hawanunui kitu. Lori liliposimama watu wale, utingo alipita kuacha fedha, na mwenye duka akaandika kwenye daftari: tarehe, kiasi, jina. Mwezi ambao hakuleta, mzee yule hakuuruka. Aliandika jina la mwezi, kisha akachora mstari mtupu mbele yake.

Daftari hilo lilifika hadi mahakamani Njombe, likiwa kwapani mwa mwenyewe. Alieleza kwamba utingo alinunua blanketi la mtoto dukani kwake, tena bila kuomba apunguziwe. Bibi akapata mia yake kamili. Na utingo alipoanza kuchelewa, hakuja askari wala dalali wa mahakama. Alinyimwa sigara tu. Wanasheria huita jambo hilo kukazia hukumu.

Miaka ya themanini shilingi iliporomoka, na bibi akarudi kuomba nyongeza. Hakimu alimsikiliza kwa heshima zote, lakini kikomo hakikuwa chake. Mwenye duka akafariki, utingo akahama njia, mtoto akakua kwa viazi na jasho la mama.

Kikomo kile kilikuja kuondoka na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Miaka sitini! Sasa mahakama hutazama kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, na inaweza kuagiza afisa ustawi wa jamii achunguze. Vinasaba vinakubalika kama ushahidi. Amri inaweza kubadilishwa hali ikibadilika, na mshahara wa mdaiwa kushikwa. Yote mazuri, ila sheria inayokata mshahara imemkuta baba anayenunua viazi shambani na kuuza barabarani, asiye na karatasi ya mshahara. Aprili 2018 Paul Makonda, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, aliwaita kinamama waliotelekezewa watoto, wakajaa ofisini kwake kwa mamia. Sheria ilikuwepo tayari.

Msichana ana amri ya mahakama, na baba wa mtoto hutuma kwa simu akijisikia. Alimwonyesha bibi ujumbe mmoja mmoja: Machi, Aprili, halafu Agosti. Bibi akaishika simu mbali na macho, akaisogeza juu kwa kidole, akarudi chini. Akauliza mistari ya Mei, Juni na Julai iko wapi.